Kushikana si kuungana: kubebesha maua ya ndani

Ile kaktasi ndogo yenye kichwa chekundu au cha njano, inayouzwa kwenye vikopo kando ya barabara za Dar es Salaam, ni mimea miwili. Chini kuna shina la kijani lenye pembe tatu: huo ni mdragoni, jamii ileile inayozaa matunda mekundu yenye magamba tunayoyaona siku hizi sokoni. Kichwa cha rangi ni kaktasi nyingine kabisa, ambayo ndugu zake wa porini wako Paraguay, na kilizaliwa bila umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Mmea usio na umbijani hauwezi kujitengenezea chakula. Ukiota kwenye mbegu unakula akiba ndogo iliyomo, na akiba ikiisha unakufa. Kichwa hiki kiko hai kwa sababu mtu alikikata kikiwa kichanga, akakikalisha juu ya shina la mmea mwingine, na shina likakubali kukilisha. Kazi hiyo ilianza Japani mwaka 1941, pale Eiji Watanabe alipoona miche miwili myekundu kati ya maelfu ya miche ya kijani aliyokuwa ameotesha, akaiwahi kabla haijafa. Leo kaktasi za namna hii zinazalishwa kwa wingi Korea Kusini na kusafirishwa dunia nzima. Wekundu wenyewe haukuongezwa na mtu. Upo hata kwenye ndugu zake wa kijani, ila kwao umbijani huufunika.

Na ule mti mfupi wa ofisini wenye mizizi iliyovimba juu ya chungu, ile fikasi ambayo wauzaji huiita ginseng, mara nyingi nao umebebeshwa. Mizizi ni ya mche ulioota kwa mbegu, na yale majani madogo yanayong'aa ni ya aina nyingine iliyopachikwa juu. Ukiinama ukatazama vizuri utaona makovu.

Nayataja haya mapema kwa sababu nikimwambia mtu kwamba nabebesha maua ya ndani, swali la kwanza huwa ni kama jambo hilo linawezekana. Linawezekana, na pengine liko tayari dirishani kwake.

Kubebesha kwenyewe tunakujua. Mikorosho ya kusini inabebeshwa, na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimefundisha kazi hiyo kwa miaka mingi. Parachichi la Hass la Njombe na Rungwe ni la kubebeshwa. Ukipanda kokwa la Hass hupati Hass. Kenya, pasheni ya zambarau hubebeshwa juu ya pasheni ya njano kwa sababu mizizi ya ile ya njano inastahimili ugonjwa wa mnyauko. Waridi linalopanda ndege kutoka Naivasha kwenda Ulaya mara nyingi limekatwa kwenye kichaka kilichosimama juu ya shina la Natal Briar, waridi la aina nyingine. Shambani tunabebesha ili tuvune. Sebuleni hakuna mavuno. Mimi nabebesha kwa sababu sijapata njia nyingine ya kuuuliza mmea swali na kupata jibu la wazi: huu mwingine ni ndugu yako au si ndugu yako?

Na katika miaka ya kuuliza swali hilo nimefikia msimamo mmoja. Kukata na kufunga ni kazi nyepesi. Mtu yeyote mwenye mkono uliotulia na wembe mpya ataifanya vizuri wiki ya kwanza. Kazi nzito ni kujua kama mimea miwili imeungana kweli au imeshikana tu. Shambani mkorosho hauna siri kubwa, kikonyo, yaani kile kipande kinachopachikwa juu, kisiposhika kinakauka na mkulima anakiona. Maua ya ndani, hasa yale yanayotunza maji mwilini, yanaweza kukuonyesha uhai kwa miezi mizima bila kuwa yameungana hata kidogo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kidonda. Chini kidogo ya gome la mimea mingi kuna utando mwembamba wa seli zinazogawanyika, kambiamu. Upande wake wa ndani inazaa mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, upande wa nje inazaa mirija inayoshusha chakula kutoka majanini. Ukikata mimea miwili na kuilaza pamoja, seli za pande zote mbili zinaanza kuzaliana na kutoa nyama changa nyeupe inayojaza ufa. Ndani ya nyama hiyo ndimo mirija mipya inamotafutana. Watafiti waliofuatilia jambo hili kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis walichapisha mwaka 2015 kwamba mirija ya chakula huanza kupitisha baada ya siku kama 3, na mirija ya maji baada ya siku kama 7. Huo ni mche laini wa siku chache. Shina gumu la ua la ndani linachukua muda mrefu zaidi. Lakini mpangilio huo unaeleza kila tunachofanya mezani. Kwa wiki ya kwanza, na pengine ya pili, kikonyo hakinywi maji. Kufunga, kufunika, kuweka kivulini, kupunguza majani: yote hayo ni kukilinda kisikauke kabla maji hayajafika.

Kambiamu ndiyo inayoamua nani aingie kwenye mchezo huu, na hapo orodha ya maua ya ndani inapungua ghafla. Monstera, potosi, drasena, sansevieria, okidi, michikichi ya vyunguni: karibu yote yanayopamba sebule zetu ni mimea ambayo mbegu yake ina ghala moja tu, kama mahindi na mgomba. Ndani ya shina lake mirija imetawanyika kila mahali, na ule mviringo wa kambiamu haupo. Huna cha kukutanisha na kingine. Nimeona picha nyingi mtandaoni za potosi iliyopachikwa kwenye shina la monstera na kufungwa kwa nailoni. Baada ya wiki mbili bado ya kijani, na watu wanashangilia. Potosi hukaa kijani wiki mbili hata ukiiacha juu ya meza.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mimea ya jamii hiyo haiungani kabisa. Kisha, Desemba 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha katika jarida la Nature kwamba inaungana, ila kwa mlango mmoja mwembamba: unachukua kiini kikiwa bado ndani ya mbegu, pale mzizi na chipukizi vinapoachana, na hapo ndipo unapounganisha. Waliweka ngano juu ya mizizi ya oti, na wakaonyesha kwamba njia hiyo inafanya kazi hata kwa mgomba, mnanasi na mtende. Kwa Bukoba na Uganda, ambako ndizi ndiyo chakula cha kila siku na magonjwa ya udongoni yanatisha, hiyo ni habari ya kufuatilia kwa karibu. Kwa monstera yako ambayo tayari ina majani makubwa, haibadilishi kitu.

Wanaobaki ni wengi vya kutosha: kaktasi za kila aina, adeniamu, mnyaa na ndugu zake, hoya, koliasi, fikasi, bogenvilia ya chunguni, haibiskasi. Kanuni ni undugu. Ndani ya aina moja karibu kila kitu kinaungana. Ndani ya familia moja kuna familia karimu na familia bahili. Kaktasi ni karimu mno, na ndiyo maana ile ya Paraguay inakaa juu ya mdragoni wa Amerika ya Kati bila ugomvi. Familia ya mnyaa ni bahili: kroton na mnyaa ni ndugu kwenye vitabu vya botania, lakini nimewakutanisha na hawakujuana.

Kaktasi ndiyo nampa kila anayeanza. Chagua mdragoni wenye afya, uliomwagiliwa siku chache kabla ili uwe umejaa. Paka wembe spiriti, uache ukauke. Kata shina mlalo, mara moja, bila kusugua. Tazama pale ulipokata: katikati ya ile nyama ya kijani yenye ute kuna mviringo mdogo, wa rangi iliyofifia kidogo. Huo ndio unaoutafuta, mengine yote ni tangi la maji. Sasa chonga pembe tatu za shina kwa mteremko, kwa sababu ngozi ni ngumu na haisinyai, lakini nyama ya ndani ikianza kukauka inazama, na usipochonga utabaki na kibakuli ambacho kikonyo hakigusi chini. Kata kipande chembamba kingine kutoka juu ya shina, uache kikae palepale kama kifuniko huku unakata kikonyo. Ukiwa tayari, telezesha kifuniko hicho pembeni na ulaze kikonyo, ukikisukuma kidogo ili hewa itoke.

Mviringo wa kikonyo ni mdogo kuliko wa shina, kwa kawaida. Ukiviweka katikati kwa katikati, mduara mdogo unakaa ndani ya mkubwa na mistari haikutani popote. Sogeza kikonyo pembeni mpaka miduara miwili ikatane. Haitapendeza machoni, itakaa upande, lakini itaishi. Kisha pitisha mipira ya kufungia noti kutoka juu ya kikonyo hadi chini ya chungu, miwili kwa msalaba, yenye mkazo wa kushika bila kuponda. Weka kivulini, pakavu, na usimwagie maji juu ya kidonda. Kwa joto la Pwani, wiki mbili zinatosha kuondoa mipira.

Hapa Pwani tuna bahati ambayo wapenzi wa kaktasi wa Ulaya hawana. Mdragoni unachukia baridi, na kule kaktasi nyingi za kichwa chekundu hufa kuanzia chini kwa sababu shina limeoza wakati wa majira ya baridi huku kichwa bado kizima. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, shina liko kwao. Linaloharibu kazi huku ni masika. Kidonda cha kaktasi kilichofunguliwa Aprili kinashikwa na ukungu kabla ya kupona, kwa hiyo kaktasi na adeniamu nazifanya Januari na Februari, jua likiwa kali na hewa imekauka kidogo. Maua ya majani laini, kama koliasi, yanapenda kinyume chake, unyevu wa masika unayasaidia. Nairobi na Arusha, Juni na Julai ni miezi ya kuacha wembe kabatini.

Sasa nirudi kwenye udanganyifu. Watu wengi huita kaktasi kila kitu chenye miiba na shina nene. Mingi ya mimea hiyo, hasa ile mirefu yenye pembe inayoota yenyewe nyikani kwetu, ni familia ya mnyaa, na haina undugu na kaktasi. Imefanana nayo kwa sababu ukame umeilazimisha iwe na umbo lilelile katika mabara mawili tofauti. Ukichoma kwa sindano, mnyaa hutoa maziwa meupe mazito, kaktasi hutoa maji au ute. Basi nilichukua kichwa cha kaktasi nikakibebesha makusudi juu ya shina la ndugu wa mnyaa, nikijua kwamba hakiwezi kuungana, nione tu kitakaa muda gani kabla hakijajionyesha.

Kilikaa vizuri kuliko vikonyo halali vya jirani yake. Nilipoondoa mipira kikasimama imara. Nilikisukuma kwa kidole kikakataa kutikisika. Miiba mipya miwili ilichomoza juu, yenye rangi nzuri ya kahawia. Mtu yeyote angesema kimeshika. Wiki zilivyoendelea, mbavu zake zikaanza kusogeleana, polepole sana, na ngozi ya chini ikawa na mikunjo myembamba. Mwishowe kikaachia chenyewe kwa mguso mdogo. Chini yake kulikuwa na kisahani kikavu, laini, cha rangi ya chai, na upande wa shina kisahani kama hicho. Kilichokuwa kimevishika pamoja ni yale maziwa yaliyokauka, na kila mmea ulikuwa umejifungia kidonda chake. Miiba ile miwili ililipwa na maji ya kikonyo chenyewe.

Tangu hapo siangalii tena kama kikonyo ni kijani. Natazama vitu vingine. Kikonyo cha kaktasi kilichoungana kinavimba, siyo kwamba hakisinyai tu. Mbavu zinaachana, na kwenye kitovu cha juu kunatokea rangi mpya inayong'aa. Ukimwagilia shina lililokuwa limekauka kidogo, kichwa kinaitikia ndani ya siku chache. Na pale kwenye kiungo, ule mstari unaacha kuwa mkavu. Unaona nyama changa imejitokeza kwa nje, nyeupe kwanza, kisha ya kijani.

Kijana mmoja anayeuza adeniamu kando ya barabara alinieleza jambo hilohilo kwa njia yake. Nilimuuliza anajuaje kwamba zimeshika, maana alikuwa nazo nyingi zimefungwa kwa ile karatasi nyembamba ya nailoni ya kufunikia chakula. "Dada, jani lisikudanganye," alisema. "Jani linatoka hata kwenye tawi lililolala chini. We angalia pale nilipounganisha, na uangalie majani ya mara ya pili." Ni kweli. Tawi la adeniamu lina akiba ya kutosha kutoa majani yake ya kwanza bila msaada wa mtu. Majani ya pili, yanayotoka kifuniko kikiwa kimeondolewa na jua la saa sita likiwa linayapiga, hayo hayawezi kughushiwa.

Adeniamu inastahili nafasi yake hapa kwa sababu ni mmea wetu. Inaota yenyewe kwenye nyika kavu za Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari iko Yemen na milima ya Dhofar, Oman. Lakini zile zenye maua ya tabaka mbili na tatu, nyekundu iliyoiva karibu na nyeusi, za njano, nyingi zimetokana na kazi ya wakulima wa Thailand na Taiwan, na sisi sasa tunainunua mbegu yake kutoka huko. Tatizo ni kwamba mbegu ya ua zuri haikupi lazima ua zuri, na tawi ukilipandikiza peke yake linaota lakini halitoi kile kitako kinene kinachopendwa. Kubebesha kunatatua yote mawili: kitako cha mche wa kawaida wenye maua ya rangi ya waridi, kichwa cha aina uliyoichagua. Unaweza kuweka rangi tatu kwenye kitako kimoja, kila tawi na yake.

Njia ninayoipenda ni ya kabari. Kata tawi la chini mlalo, ukiacha kama sentimita 5 juu ya kitako. Lipasue katikati kwa kina cha sentimita moja na nusu. Kikonyo kiwe na unene unaolingana, urefu wa vidole viwili, majani yote yametolewa. Kichonge pande mbili kiwe kabari, uchongaji wa mkato mmoja kila upande, kisha ukisukume kwenye mpasuko mpaka magome yakutane angalau upande mmoja. Zungushia nailoni kwa mkazo. Zamani tulikuwa tukivika mfuko wa plastiki juu yake. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Tanzania, Juni 1, 2019, nusu ya chupa ya maji iliyogeuzwa inafanya kazi hiyohiyo, na ni nzuri zaidi kwa sababu unafungua kizibo kidogokidogo kuizoesha hewa. Vaa glavu. Utomvu wa adeniamu una sumu inayoshambulia moyo, na watu wa nyika wameutumia kwenye mishale yao. Maziwa ya mnyaa nayo yakiingia jichoni ni hatari ya kweli; watoto wasiwepo mezani.

Kuna swali huulizwa kila mara: je, kikonyo kitabadilika, kitachukua tabia ya shina? Kwa rangi ya ua na umbo la jani, hapana. Kila upande unabaki na asili yake, hata pande hizo zikikaa pamoja miaka ishirini. Lakini kiungo si ukuta. Katika miaka ya 1940 ilithibitishwa kwamba nikotini ya tumbaku inatengenezwa mizizini: tumbaku iliyobebeshwa juu ya mizizi ya nyanya ilikuwa karibu haina nikotini, na nyanya iliyowekwa juu ya mizizi ya tumbaku ilipata nikotini majanini. Mnanaha nao unatengeneza sumu yake mizizini. Kwa hiyo mtu mwenye nyanya za chunguni asishawishike kuzibebesha juu ya mnanaha kwa kuwa ni mgumu na ni ndugu. Tumia biringanya, ndiyo inayotumiwa na wakulima kukwepa mnyauko wa bakteria.

Tukiwa kwenye nyanya, ipo kazi moja ambayo naiona nzuri kuliko zote, na inafanyika kwenye baraza yoyote. Mwaka 1907, Tübingen, Ujerumani, Hans Winkler alibebesha nyanya na mnavu, ndugu wa huu tunaoupika kwa nazi na Wakenya wanauita managu. Kidonda kilipopona alikikata palepale kwenye kiungo, seli za pande zote mbili zikiwa wazi, akasubiri machipukizi. Mengi yalikuwa nyanya tupu au mnavu mtupu. Moja lilikuwa mnavu upande mmoja na nyanya upande mwingine, majani yake yamegawanyika kufuata mstari huo. Aliuita mmea huo kimera, si kile cha pombe bali chimera, mnyama wa hadithi za Kigiriki mwenye viungo vya wanyama mbalimbali. Haikuwa mbegu mchanganyiko. Ni seli za mimea miwili zilizokubali kujenga shina moja bila kuchanganyika. Mnavu unaota wenyewe kwenye vyungu vyangu, sijawahi kuununua, na kila mwaka naacha michache kwa kazi hiyo. Bado sijapata chipukizi lenye sura mbili. Napata machipukizi ya nyanya yanayotoka kwenye nyama ya kiungo, mahali ambapo wiki chache kabla hapakuwa na nyanya wala mnavu, na kwa kweli nayatazama kwa heshima.

Kuhusu mipaka ya undugu, hata hiyo inasogea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha katika jarida la Science kwamba jamaa mmoja wa tumbaku anaungana na mimea ya familia za mbali kabisa, kwa sababu seli zake zinamwaga kimeng'enya kinachojenga upya kuta za seli pale kwenye kidonda. Waliutumia kama kipande cha katikati: krisanthemamu chini, tumbaku katikati, nyanya juu, na nyanya ikazaa. Sijui mtu mwenye dirisha atalifanyia nini hilo, lakini najua kwamba orodha ya "haiwezekani" niliyojifunza nikianza imeshakuwa fupi.

Mwaka huu nina swali dogo zaidi. Nina mdragoni mmoja wenye vikonyo viwili vya kaktasi ya Krismasi, kimoja kila upande wa shina, vyote vimeungana kwa vipimo nilivyovitaja. Kaktasi ya Krismasi huweka vitumba usiku unapokuwa mrefu, na hapa karibu na ikweta usiku haurefuki vya kutosha, ndiyo maana nyingi za Dar ni majani mwaka mzima. Dawa yake ni kuifunika kwa boksi kuanzia jioni, giza la saa 14, kwa wiki sita hivi. Ujumbe wa kuchanua unatengenezwa kwenye majani yaliyoona giza na unasafiri kwa mirija ya chakula, ikiwemo ile inayopita kwenye kiungo. Mwanasayansi wa Kisovieti Mikhail Chailakhyan aliutabiri katika miaka ya 1930 kwa kubebesha mimea iliyokuwa tayari kuchanua juu ya ile isiyokuwa tayari.

Nitafunika kikonyo kimoja tu. Nadhani cha pili hakitachanua, kwa sababu kikonyo chenye afya yake kinatuma chakula chini badala ya kupokea, na ujumbe hauwezi kupanda mkondo unaoshuka. Ikiwa hivyo, awamu itakayofuata nitakiwekea cha pili kivuli kizito mpaka kiwe na njaa ya kupokea. Naanza Mei, kipupwe kikikaribia, maana joto la usiku nalo huzuia vitumba.